Chumba cha Debora Kwenye Jumba la Bi Sabiha

Kwa miaka mitatu Debora, msaidizi wa kisheria mjini Musoma, aliwaandikia wanawake maelezo ya kesi zao katika kibanda cha Mwisenge, ambako kila mpita njia aliona nani kaingia. Ndiyo maana alipopata chumba cha kupanga katika jumba la kale la Bi Sabiha, lililojengwa na babu yake mfanyabiashara wa pamba, hakujali dari ndefu wala vigae vya rangi. Alichopenda ni bustani: ekari tatu za miti mikubwa, ambamo watu wa mjini huingia kupumzika. Mwanamke angepita pale asiulizwe aendako.

Jumatatu moja asubuhi alifika Jeska kutoka Buhemba, jicho limevimba. Katikati ya maelezo akachungulia dirishani, akaganda.

"Mume wangu yule."

Mwanamume alikuwa anapanda ngazi, panga mkononi. Debora akamsukuma Jeska kwenye mlango wa nyuma.

"Pita kwenye miti. Ukifika barabarani chukua boda mpaka polisi. Usigeuke!"

Kisha akasimama kwenye mlango wa mbele.

"Mke wangu yuko wapi?"

"Kaa kwanza, baba, tuongee."

"Anakujaga hapa, najua! Toka!"

Panga likapiga fremu, vipande vya mbao vikamrukia Debora usoni. Hakusogea. Aliwaza tu Jeska yuko kwenye mti wa ngapi. Ndipo Stanslaus, wakala wa bima wa chumba cha jirani, na wateja wake wawili walipomkamata yule mtu kwa nyuma. Walimshikilia hadi polisi walipofika, wakiletwa na Jeska mwenyewe.

Kesho yake Stanslaus alimwandikia Bi Sabiha: Debora aondoke, au yeye ataondoka.

Bi Sabiha alikuja, akapitisha kidole kwenye jeraha la mlango.

"Nitautengeneza, mama," Debora alisema haraka.

"Sijauliza mlango. Wanakuja wangapi kwa wiki?"

"Saba. Wiki nyingine kumi."

Debora akaanza kuviona vitu vyake vimerudi kibandani.

"Stanslaus ana haki ya kuogopa. Hata mimi naogopa," alisema Bi Sabiha. "Hamia vyumba vya nyuma. Nitaweka mlinzi. Ila akija mwingine na panga, usisimame mlangoni. Funga!"

Stanslaus alihama mwisho wa mwezi, akaaga bila kumtazama Debora, naye Debora hakumlaumu. Ni yeye aliyemwokoa.

Jeska anaishi kwa dada yake Bunda. Kesi ya mumewe bado inasikilizwa, na kila tarehe Debora humsindikiza mahakamani, wakakaa benchi moja hadi jina lake liitwe.