Doa Chini ya Boneti

Sikuwa nimelewa. Maishani mwangu sijawahi kuonja pombe. Wala haukuwa usiku, maana najua utasema giza lilinidanganya. Ilikuwa Jumamosi alasiri, jua linawaka, kule Loresho, nyuma ya nyumba ya mwajiri wa Mama, mahali tulipopewa chumba. Usiponiamini nitakuonyesha mkono wangu wa kushoto.

Kaka yangu Kioko aliendesha teksi Westlands, gari kuukuu la rangi ya krimu, la enzi zile za chuma kizito. Jioni moja, kando ya Waiyaki Way, mtu alimpungia akamwambia, "Boss, gari yako inatoa moshi." Kioko akasimama, akafungua boneti, akainama. Yule mtu na wenzake, wezi wa magari, wakamwangushia boneti shingoni. Wakaiinua, wakaiangusha tena, na tena. Gari lilipokataa kuwaka wakaliacha. Kioko aliishi siku mbili hospitalini, na hayo maneno ya moshi aliniambia mimi peke yangu. Sikumwambia mtu, hata Mama.

Polisi waliporudisha gari, Mama akaanza jambo lililoniumiza kuliko mazishi. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini aliinua boneti, akagusa doa la damu ya mwanawe upande wa ndani, kisha akaifunga taratibu. Alikuwa anakonda. Nikaona nikilifunika doa lile kwa rangi, labda atapumzika. Mjomba alikataa. Alisema kwetu Ukambani chuma kilichoua mtu huoshwa kwanza na mzee kwa ng'ondu, yale maji ya majani ya utakaso, ndipo kiguswe. Mama akamjibu kwamba sisi tumeokoka. Mimi nikaenda kununua msasa na rangi.

Nilikwangua mpaka chuma kikang'aa. Nikapaka ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, na ilipokauka nikaanza krimu. Boneti nilikuwa nimeitegemeza kwa kipande cha mti. Ndipo nikasikia nyuma yangu:

"Boss, gari yako inatoa moshi."

Nikageuka na brashi mkononi. Geti lilikuwa na kufuli. Aliyesimama pale alikuwa kijana mwembamba, shati limepigwa pasi, lakini alinuka mpira uliochomwa. Nikamkumbuka mwizi wa magari aliyechomwa na umati kwa tairi kule Kangemi, wiki chache baada ya mazishi ya Kioko.

Akaitazama kazi yangu akasema napaka vizuri, ningekuwa fundi. Halafu akacheka.

"Ndugu yako aliita mama yake. Wewe utaita nani?"

Akanipita, akainama mwenyewe juu ya injini, akalaza shingo pale pale ilipokuwa ya Kioko.

"Haya, boss. Funga."

Nikaupiga teke ule mti. Boneti ikamwangukia. Nikaiinua, nikaiangusha tena. Nilisikia mifupa ikivunjika, naye anacheka tu, nami kila ikivunjika nalitaja jina la Kioko. Niamini, nilikuwa na furaha. Sikuwa nimepata furaha tangu tumzike. Damu iliruka ikanipiga usoni, ya moto, na bado nikainua.

Mama ndiye aliyenishika. Alitoka ndani mbio, mikono ina povu la sabuni, akanikumbatia kwa nyuma.

"Mwanangu, toa mkono. Toa mkono wako."

Nikatazama. Chini ya boneti hapakuwa na mtu. Palikuwa na mkono wangu wa kushoto, umelala pale alipolaza shingo, na vidole havikuwa vidole tena.

Hospitalini walikata vitatu. Mjomba akamleta mzee, gari likaoshwa kwa ng'ondu, na harufu ya mpira ikaondoka. Doa la Kioko halijaonekana tena. Langu nimelipaka rangi mara nyingi, na kila mara hupenya likarudi. Na Mama bado huinua boneti asubuhi. Sasa analigusa langu, nami niko hai, nimesimama dirishani namtazama.

Kwa hiyo nawe, kama umefiwa hivyo, na siku moja aliyemuua mtu wako akaja akakuinamishia shingo, usifunge. Kwanza tazama mkono wako uko wapi.