Blanketi Juu ya Sola

Simu ya mama yangu ikikataa kuingia, siwezi kufanya kazi. Ndivyo nilivyoumbwa. Mama anaishi peke yake kwetu Magharibi na ana presha, na mimi niko huku Nairobi: nalala Gatina, nashona nguo Laini Saba, kando ya reli. Kila asubuhi kabla sijakalia cherehani nampigia. Akisema tu, "Nimeamka," basi, siku yangu imeanza.

Zamani alikuwa akichaji simu sokoni. Anaiacha kwa jamaa wa kibanda cha kuchaji, ananunua sabuni, anapiga gumzo na akina mama wenzake, kisha anarudi nayo nyumbani. Lakini mara nyingi ilizima kabla hajarudi tena sokoni, na mimi nikawa sina amani. Ndiyo maana Krismasi nikampelekea sola. Fundi aliipachika juu ya paa la jikoni kwa sababu ni la chini, na taa ikawaka sebuleni. Nikamwambia, "Hii kitu uitunze, Mama. Nimeitafuta kwa jasho." Akaitikia kwa kichwa.

Tukaenda vizuri mpaka mvua ya masika ilipoanza. Asubuhi moja nikapiga, nikaambiwa mteja hapatikani.

Jirani yangu anayeuza mitumba mlango wa pili akanicheka. "Sasa mwenye presha ni nani, mama ama wewe? Ni mawingu tu, sola haijashika chaji. Shona." Nikashona. Mkono wa kushoto wa blauzi nikauweka kulia, nikafumua. Kesho yake nikapiga tena, bado mteja. Niliogopa, na sitaki kusema vingine. Majirani wetu wa karibu walishahamia mjini. Namba niliyokuwa nayo ya mtu wa kule ilikuwa moja tu, ya yule jamaa wa kuchaji, kwa sababu mama aliwahi kunipigia nayo.

Nikamuuliza kama amemwona mama siku hizi.

"Mama hajafika huku tangu Krismasi, dada. Sisi tulijua ulikuja ukamchukua, mnakaa naye huko Nairobi."

Miaka hiyo yote kile kibanda ndicho kilichokuwa kinamwangalia mama yangu. Watu walimwona akipita na simu yake mkononi, na asipopita waliuliza. Nilimpelekea taa, nikamtoa machoni mwa watu.

"Funga kibanda," nikamwambia. "Tafadhali, enda umwangalie sasa hivi."

Akachukua pikipiki akaenda. Mimi nikabaki nimeshika simu kwa mikono miwili. Mtu alikuja kuchukua sare ya mtoto wake, nikampa isiyo yake. Niliomba Mungu kwa sauti, watu wakigeuka kunitazama, na sikuona haya.

Simu ikalia. Ilikuwa namba ya yule jamaa, lakini sauti ilikuwa ya mama.

"Wewe mtoto, mbona unasumbua watu na kazi zao?"

Nilianza kulia, yeye akaniacha nilie. Kisha akanieleza pole pole. Wingu lilifunga, akapanda kiti kuifunika sola. Kwetu radi inaogopwa sana, na mvua ikija kila kitu kinachong'aa hufunikwa, hata kioo cha ukutani. Aliifunika vizuri. Wakati wa kushuka ndipo kiti kilipoteleza kwenye matope. Mguu ulivimba, haukanyagiki, na tangu siku ile alikuwa akitambaa mpaka jikoni kupika uji. Aliita watu, lakini mvua ilikuwa inapiga mabati, nani angemsikia. Simu nayo ilikuwa imeshazima kwa ajili ya mawingu, na sola ikabaki imefunikwa.

"Uliifunika na nini, Mama?"

"Na blanketi."

Nalijua hilo blanketi. Mama analo moja tu, lile zito la kitandani.

"Na wewe umekuwa ukijifunika nini?"

"Leso si ziko." Akakohoa, kisha sauti yake ikawa ya mtu anayenipa habari njema. "Lakini usiwe na wasiwasi. Sola yako haijapata hata mkwaruzo. Si uliniambia niitunze?"

Nilifunika cherehani, nikaenda kutafuta basi la kwenda kwetu.