Wifi Chin na Mita ya Mwisho wa Laini

Anayeitafuta nyumba ya wifi yangu Chin haelekezwi njia, anaambiwa afuate harufu ya vanishi. Inatoka uani, kwenye jiko la bati anamokaushia mota alizozisuka upya waya na kuzipaka vanishi zisiungue, na imeingia kwenye nguo zake, kwenye nywele zake, hata kwenye samaki anaotuletea. Mume wangu, ambaye ni kaka yake, hula akitania, "Samaki huyu hata ukimchomeka kwenye umeme hataungua."

Kazi hiyo aliirithi kwa marehemu mumewe, Dau. Kiharusi kilimpiga Dau upande mmoja akiwa bado kijana, akabaki kulala kwenye bembea ya wavu, na Chin akakaa sakafuni na waya wa shaba mapajani. Dau alisema, "Kaza. Legeza kidogo. Hapo umepitiliza, rudi." Chin alirudi. Miaka ilienda hivyo, mdomo wa mmoja na mikono ya mwingine. Dau alipofariki tulidhani Chin atauza waya wote arudi kukaa kwa kaka yake. Matanga yalipokwisha tu, boti ikafunga gatini na mota iliyoungua. Aliipokea kama anayepokea mtoto wa jirani, akaanza kuifungua.

Enzi za Dau mfereji wetu wa Bac Lieu ulikuwa wa mpunga. Umeme uliletwa kwa ajili ya taa, televisheni na pampu moja moja. Kisha maji ya chumvi yakapanda, watu wakaacha mpunga wakachimba mabwawa ya kufugia kamba. Kamba wakijazwa bwawani hawaishi bila hewa, kwa hiyo kila bwawa lina safu za magurudumu yanayochapa maji kutwa kucha, na kila safu inazungushwa na mota. Watu waliongeza mota, lakini nyaya zilibaki zilezile, na transfoma ileile kule mwanzo wa mfereji, karibu na kwa jirani yetu Ut Mung. Bwawa la mwanangu Luan liko mwisho kabisa, laini inapokomea.

Umeme ukifika kwa Luan umeshachoka. Na mota ikipewa umeme mdogo haizimi ikapumzika. Inajikaza, inachemka, mwisho inatoa moshi. Msimu ule Chin alikuwa ameshaisuka mota moja ya Luan mara mbili. Ilipoletwa tena aliitazama, akaiacha juu ya gunia.

"Shangazi, kuna nini?" Luan alimuuliza.

"Nikiisuka tena nitakuwa nakuibia. Ugonjwa hauko kwenye mota."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sikupenda nilichosikia. Luan alikuwa ameshapoteza mavuno mawili. Injini yake ya diseli aliiuza akanunua mbegu ya kamba, vile vitoto vya kumwaga bwawani. Mkewe alikuwa ameniambia jikoni, kwa sauti ya chini, kwamba kamba hawa wakifa nao watakwenda Binh Duong kwenye viwanda vya viatu, na Mai, mjukuu wangu, ataachwa kwangu. Mfereji wetu umejaa bibi wanaolea. Ninawaona jioni wakiinua simu mbele ya watoto ili watoto wawaone wazazi wao.

Kesho yake Chin alikuja na mita ndogo ya dukani, akaigongomea kwenye kibanda cha Luan. Akanionyesha. "Wifi, wewe usingizi huna. Iangalie hii. Volti mia mbili ishirini, umeme ni mzima. Mia mbili anakohoa. Ikishuka mia na themanini, mwambie Luan azime safu moja."

Niliishia darasa la nne, lakini namba zile nilizijua haraka. Nilizitazama nikimenya vitunguu, nikimlisha mtoto, nikiosha vyombo. Asubuhi mbingu ikiwa safi zilitulia. Wingu likija, kila mwenye bwawa akihofia hewa itapungua majini, mfereji mzima unawasha magurudumu kwa pamoja, na namba zinaporomoka mbele ya macho yangu. Nikaanza kuyachukia mawingu.

Chin alipanda boti mpaka wilayani kuomba transfoma ya pili. Ofisi ya umeme wakamwambia lazima kwanza wapime. Ndipo alipokuja kijana mmoja, Khoa, na sanduku la rangi ya kijivu lenye nyaya kama miguu ya kaa. Hiyo ilikuwa mita ya kurekodi: inasikiliza umeme wiki nzima, inakumbuka kila ulipopanda, uliposhuka na ulipotetemeka. Aliifunga kwenye nguzo ya mwisho, mbele ya bwawa la Luan.

"Ishini kama siku zote," Khoa alisema. "Kana kwamba sikuja."

Tatizo ni kwamba hakuna aliyetaka kuishi kama siku zote mbele ya sanduku lile. Karibu kila nyumba iliomba umeme wa mota mbili ikafunga nne, na wengine sita. Ut Mung, ambaye sauti yake hufika ng'ambo kabla ya boti yake, alipita akitangaza, "Lile linahesabu mota zenu. Mtaona watakavyokuja na koleo kukata nyaya." Saa hiyohiyo watu wakazima mota za ziada, diseli za zamani zikatolewa mabandani kuzungusha magurudumu. Mfereji ukanguruma kama kiwanda cha mpunga. Nguo zangu zikakauka zikiwa na masizi ya moshi.

Lakini mita ya kibandani ilisoma mia mbili ishirini. Mchana mia mbili ishirini, jioni mia mbili ishirini. Mota za Luan ziliimba. Kwa mara ya kwanza tangu mbegu imwagwe nililala mpaka jogoo akawika, na nikachoma ubani kuwashukuru mababu zetu. Chin aliponikuta nikitabasamu hakutabasamu.

"Wifi, huu si umeme wetu. Huu tumeupika kwa ajili ya mgeni. Akiondoka tunarudi kwenye uji."

Kweli, Khoa aliporudi alichomeka kompyuta yake, akatazama, akafurahi. "Mna umeme mzuri kuliko wa mtaani kwangu. Hapa hapahitaji transfoma."

"Hilo ni la wiki hii tu," Chin alisema.

"Shangazi, mimi napeleka kilichomo humu. Siwezi kupeleka maneno."

Nilimwona Luan akigeuka kutazama maji. Sikuweza kufanya lolote ila kumwalika mgeni chakula, maana mtu anayekula hafungui sanduku nguzoni. Nilimpikia mchuzi mchachu wa samaki wa matope na wali. Kwetu boti ya ofisi ikifunga mahali, watu wanajua kuja kusikia, na kabla Khoa hajamaliza bakuli la kwanza kibaraza kilikuwa kimejaa. Ut Mung alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mkewe, Hanh, alikaa nyuma yake.

Chin alisimama, harufu yake ya vanishi ikamtangulia.

"Nawaomba kitu kimoja. Zimeni diseli, washeni mota zenu zote kama mlivyozoea, kijana akiwa hapahapa aone."

"Sikieni," Ut Mung alisema. "Mota zikiungua nani anakula? Msuka mota. Umeme ukishuka yeye anapanda. Halafu anatuambia tuwashe zote kwa pamoja."

Watu walicheka, na si kwa uzuri. Mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, nilisita. Alichosema Ut kilikuwa na sura ya kweli.

"Kaka Ut, umesema sawa," Chin alimjibu. "Mota zenu zimenisomeshea watoto. Transfoma ikija, sijui bado nitakula nini. Ningekuwa na akili ningenyamaza nikachemsha vanishi yangu." Kisha akamgeukia Khoa. "Nyumba yangu mmeiandika nyumba ya kuishi tu. Si kweli. Ina jiko la kukaushia na mashine ya kujaribia, imekuwa karakana tangu mume wangu ana miguu. Kama kuna wa kuandikwa leo, anza na mimi."

Khoa aliweka chini vijiti vyake vya kulia wali. Masikio yake yalikuwa mekundu. "Sikuja kwa hilo, shangazi. Nimetumwa kupima laini."

"Na wakija wa hilo?"

"Watakubadilishia, ulipe kama karakana. Hakuna anayefungwa kwa mota. Kule ofisini wanataka kujua mnazo ngapi ili wajue transfoma iwe kubwa kiasi gani. Msipoonekana, wanaleta ndogo, au hawaleti."

Kila mtu alikuwa akimtazama jirani yake. Halafu Hanh, mke wa Ut Mung, akasema kutoka nyuma ya mgongo wa mumewe, "Sisi tunazo sita."

Ut aligeuka polepole. "Mama Phuc."

"Nini? Unadhani hajui? Diseli yako imepiga kelele wiki nzima, mtu akikuuliza unasema ni tumbo la ng'ombe. Ng'ombe gani, sisi hatuna hata bata."

Hapo kicheko kikawa kicheko cha kweli. Mmoja akasema ana nne, mwingine akasema na mimi nne, na nyingine imeungua iko kwa Chin. Wakashuka gatini mmoja mmoja. Sisi tukaenda kibandani, mimi, Chin, Luan na Khoa, tukisikiliza diseli zikizima kutoka mwanzo wa mfereji kuja kwetu, na nyuma ya kila diseli sauti laini ya magurudumu.

Wingu lilikuwa limetanda. Mita ilisoma mia mbili na kumi. Mia na tisini na tano. Khoa alisogeza uso karibu na mita. Mia na themanini.

"Luan, zima safu moja," nilisema. Ndivyo nilivyofundishwa.

"Nikizima, sanduku halitaona, mama."

Nilimtazama Chin aseme yeye. Alikuwa ameweka kiganja juu ya mota ya upande wa mashariki kama anayepima homa. Mia na sabini na mbili. Harufu ilikuja kabla ya moshi, harufu ileile ya uani kwake lakini chungu. Chin akavuta swichi. Magurudumu ya mashariki yakazunguka kidogo kwa uvivu, yakasimama. Muda si mrefu mota ya magharibi ikafuata. Khoa alisema amekwishaona, sanduku limeona, inatosha, na akapiga simu mbio kwa mtu wa ofisini, lakini ofisi haiwezi kutia hewa bwawani.

Kamba wanapokosa hewa wanapanda juu na kukusanyika ukingoni. Kwanza unaona ndevu zao, nyembamba kama nywele, zikichora maji. Luan aliingia mpaka kifuani akawa anapiga maji kwa jembe la mbao. Mkewe akaingia. Mai alikuwa analia kwa sababu mimi nilikuwa nalia. Chin alikwenda gatini, akaweka mikono mdomoni, akaita kuelekea juu ya mfereji, jina moja tu, "Ut Mung."

Kumbe Ut alikuwa ameshakata kona ya mfereji akija kwetu. Diseli yake ilikuwa katikati ya boti, bado ina joto, na Hanh ameishika kama mtu anayeshika nguruwe asiruke. Walivyoishusha sijui. Najua Chin alivua mkanda kwenye mota iliyoungua akauvalisha kwenye diseli, Ut akazungusha mkono wa kuwashia mara ya kwanza, ya pili, na safu ya magharibi ikaanza kuchapa maji. Povu jeupe likatambaa katikati ya bwawa. Tulisimama tukitazama ndevu zile. Zilipungua taratibu upande wa povu, kisha upande wa pili, mpaka maji yakawa maji tu.

"Unaona?" Ut Mung alimwambia Chin, akipangusa mafuta kwenye fulana. "Umepata mota mbili za kusuka leo. Nilisema."

"Hizi nasuka bure. Yako nitakutoza mara mbili."

"Yangu haiungui. Mimi niko karibu na transfoma."

"Basi jirani yako ni mzuri kuliko wewe."

Khoa aliliacha sanduku kwenye nguzo wiki nyingine. Safari hii watu waliishi kama siku zote, kasoro kwamba diseli ya Ut ilikaa kwa Luan mpaka siku ya kuvua, na Ut alikuja kila asubuhi kuisalimia kana kwamba ni binti aliyemwoza. Kamba walivuliwa. Hawakuwa wakubwa kama tulivyotaka, lakini walikuwa hai kwenye nyavu, wakirukaruka, na mkwe wangu alirudisha begi lake la safari juu ya kabati bila kuniambia kitu.

Baada ya Tet, sikukuu yetu ya mwaka mpya, mafundi waliweka nguzo mpya na transfoma ya pili, hatua chache kutoka kibandani. Wifi Chin analipa kama karakana sasa, na analalamika kila mwezi. Mota zinazoungua mfereji wetu zimekuwa chache, ni kweli. Lakini ile mita ndogo watu waliitaka, kila mmoja kwenye kibanda chake, na anayeifunga ni yeye. Mifereji ya chini bado ina laini za enzi za mpunga, nayo inamwita, mara asuke, mara aje awaambie nini cha kusema ofisini. Amenunua boti yenye paa la kivuli. Juzi aliniambia boti ile ndiyo karakana yake ya pili, na hiyo hataiandikisha.

Mai ameanza shule, ile ya karibu na pagoda, hekalu letu. Luan anataka kuchimba bwawa jingine. Nilimwendea Chin uani nimwombe amkataze, nikamweleza mvua, bei ya chakula cha kamba, maradhi ya madoa meupe, na transfoma mpya ambayo nayo siku moja itazeeka. Alinisikiliza mpaka mwisho, waya mapajani.

"Wifi," alisema, "shika huu mwisho wa waya. Usivute. Nikikwambia legeza, legeza."

Nikakaa sakafuni, nikaushika.