Kitanda cha Mama Victoire

Séraphine alikuwa mwanamke wa kichwa kigumu. Ukimwambia jambo haliwezekani, hapo ndipo anapokunja mikono ya blauzi. Ndiyo maana majirani hawakushangaa walipomwona asubuhi ile akitoa vitu vya binti zake chumbani na kuvirundika sebuleni. Mama yake, Victoire, aliyekimbia vita kule Masisi, alikuwa na miezi mitano chini ya turubai katika kambi ya Mugunga, magoti yamevimba kwa kulala juu ya mawe ya volkano. Sasa angekuja kukaa kwa bintiye, na Séraphine hakutaka kusikia neno jingine.

Alifanya kazi kama anayemsubiri askofu. Nyumba ilikuwa ya mbao, na baridi ya Goma haibishi hodi. Aliziba kila upenyo kwa maboksi, juu yake akapigilia kitambaa cha maua. Aliazima godoro nene kwa wifi yake, akaanika mablanketi juani, akaweka kiti kifupi kando ya kitanda ili mama apate pa kushika akiinuka. Juu ya mto alitandaza kitenge kipya ambacho yeye mwenyewe hakuwahi kukivaa. Alipomaliza alisimama mlangoni akatabasamu peke yake, maskini.

Mama Victoire alifika saa nane kwa pikipiki. Honoré, mume wa Séraphine, alikuwa ameshaondoka kwa mlango wa nyuma asikutane naye, kama inavyompasa mwanaume anayemheshimu mama wa mke wake. Mama alichungulia chumbani, akabonyeza godoro, akasifu kila kitu. Kisha akarudi kuketi uani.

“Kitanda kiko muzuri sana, mutoto wangu,” alisema. “Lakini hii ni nyumba ya mukwe yangu. Nitalala aje chini ya mabati yake?”

“Mama, ni vita! Batu banalala ku barabara!”

“Vita ilikamata shamba na ngombe zangu. Heshima yangu haijaikamata.”

Séraphine alilia kwa hasira mbele ya majirani. Alizaliwa Masisi, lakini alikulia mjini, na alidhani miiko ya namna hiyo ilibaki kule milimani pamoja na nyumba zilizochomwa. Hakuwa amemuuliza mtu. Mama alikula ugali na sambaza, wale dagaa wa ziwani, akambariki, akapanda pikipiki kurudi Mugunga.

Aliyemwelewa mama ni Honoré.

“Ana haki,” alimwambia mkewe. “Nitamujengea chumba yake kule nyuma, na mulango yake. Hatakuwa chini ya mabati yangu.”

Honoré alikuwa msukuma chukudu. Miaka kumi na mitano alikuwa amebeba viazi na makaa ya watu wengine juu ya ule mti wenye magurudumu mawili, na kwa mara ya kwanza angebeba mzigo wa nyumbani kwake. Ijumaa alipanda mlima hadi Kibati, akapata mbao nzuri, akazifunga barabara, akaanza kuteremka. Lori lililokatika breki lilimkuta kwenye mteremko. Alikufa palepale, mbao zimetawanyika njiani.

Mama Victoire alikuja siku hiyohiyo. Aliingia nyumbani kwa mlango wa mbele, hakuna aliyemzuia na hakuna aliyemkaribisha. Alipika, aliwaogesha wajukuu, alipokea waliokuja kulia. Siku ya tatu baada ya maziko, mchana, Séraphine alimkuta amelala kwenye kile kitanda, uso ukutani.

Alimchukia. Alisimama pale akimchukia mama yake kwa moyo wote.

“Sasa unaweza kulala humu?”

Mama aligeuka polepole. Macho yalikuwa mekundu.

“Sasa hakuna mukwe mu hii nyumba,” alisema. “Nani nitamuonea haya?” Alijaribu kuinuka, magoti yakakataa. “Afadhali ningekosa heshima ile siku, Séraphine. Ningeingia tu nilale. Angekuwa muzima.”

Maneno hayo ndiyo aliyokuwa ameyasubiri Séraphine siku tatu, ayasikie, amhukumu mama yake nayo. Yalipokuja, hakuweza kuyabeba. Akakaa ukingoni mwa kitanda.

“Hapana, mama,” alisema. “Kitanda nilikitandika mimi, bila kukuuliza.”