Rangi ya Elfu Tatu na Arobaini

Fundi wetu wa darubini hapa maabara ya Pohang hudondoshea seli hai za kinga rangi moja baada ya nyingine, akisaka itakayowasha kama taa aina moja tu ya seli hizo. “Haya, warembo, nani leo?” huzibembeleza. Miaka sita kila rangi imewasha zote, kama mwanasiasa anayekumbatia soko zima. Jana, rangi ya elfu tatu na arobaini iliwasha aina moja. Nyingine zikabaki gizani. Papo hapo akazima taa ya darubini.

“Dada, si ndizo ulizokuwa ukizililia? Tazama basi!” mwenzetu Gyu-bin akamtania.

“Ukizimulika zinafifia, mjinga wewe. Na Profesa hajaziona.”

Profesa alikuwa mjini, akila samaki mbichi na wageni wa wizara. Dada akakaa kumngoja, mikono mapajani. Kila mara shingo yake ilijinyoosha kuelekea darubini, kisha ikarudi.