Zile Nne Kwenye Daftari la Friji

Mhariri, jina langu usiliandike. Kosa langu liandike lote, usipunguze hata kidogo. Nimekaa nalo miaka mitano na sasa limenishinda.

Mimi ndiye niliyeharibu dawa ya chanjo ya watoto kijijini kwetu, huku Ukerewe. Aliyefukuzwa kwa kosa hilo ni nesi wa zahanati, na yule nesi ni dada yangu wa tumbo moja. Mama yetu alipofariki mimi nilikuwa sijaanza shule. Dada ndiye aliyenilea, na ndiye aliyenifundisha kuandika namba kwa mkaa nyuma ya mlango wa jiko. Mtu wa namna hiyo ndiye niliyemtupa.

Nianze mwanzo. Mimi ni fundi redio. Nilijifunzia kazi Mwanza mjini, kwa fundi mmoja mzee aliyekuwa hana maneno mengi. Niliporudi kisiwani nikakuta watu wanaleta redio za kaseti na video kutoka kila pembe, soko limefunguliwa, vitu vinaingia, na fundi ni mimi peke yangu. Wakaanza kuniita Injinia. Lile jina lilinilewesha kuliko pombe, kusema kweli.

Zahanati yetu ilikuwa na friji ndogo ya chanjo. Ilitumia betri, na betri zilijazwa na paneli mbili za sola juu ya bati. Katikati ya paneli na betri kulikuwa na kifaa cha kuongoza umeme. Msimu mmoja wa mvua radi ikapiga, na mnajua radi za huku kwetu. Kile kifaa kikaungua kikawa cheusi. Wakubwa wa afya wakasema kingine kitaagizwa nje ya nchi, tusubiri.

Nikamwambia dada, "Cha nini kusubiri? Nitakitengeneza mimi."

"Utaweza kweli? Ile ni dawa ya watoto, si redio."

"Dada, mimi ni fundi."

Nikakitengeneza. Nilichukua vipuri vya televisheni mbovu, nikasuka koili kwa mkono, nikavifungia ndani ya kopo la chai. Kazi yake ilikuwa hivi: asubuhi au kukiwa na mawingu paneli inatoa umeme mdogo, basi kopo linaupandisha mpaka utoshe kuingia kwenye betri. Saa sita jua likiwa kali umeme unazidi, basi kopo linaushusha. Kulikuwa na skrubu moja ndogo ya kupangia kiwango. Nikaipanga kwa mita, nikaidondoshea nta ya mshumaa ili mtu asiiguse. Nilijua kabisa kwamba ikipanda zaidi ya pale betri itachemka. Nilijua, ndiyo maana nikaweka nta.

Miezi miwili likafanya kazi vizuri. Wagonjwa wakawa wanakuja kuchungulia kopo linaloendesha friji. Nikawa natembea kifua mbele.

Kisha dada akashikwa na malaria. Ilimwangusha kweli, hata kusimama hawezi. Mhudumu mwenzake alikuwa amekwenda kwao kujifungua, kwa hiyo zahanati ilifungwa wiki ile. Lakini friji haifungwi. Kila asubuhi na kila jioni lazima mtu asome kipimajoto na kuandika kwenye daftari. Isishuke chini ya nyuzi mbili, isizidi nane.

Akaniita kitandani, akanipa ufunguo.

"Hairuhusiwi kumpa mtu ufunguo huu," akasema. "Lakini wewe ni damu yangu. Andika unachokiona. Na ikipanda, hata kama ni usiku, njoo uniamshe. Hii dawa ikishapata joto imekufa. Hata ukiipoza tena haifufuki."

Nikamwambia, "Nimesikia, Dada." Na nilikuwa nimesikia. Sitasema hapa kwamba sikuambiwa.

Siku mbili za kwanza niliandika vizuri. Lakini mawingu yalitanda, mvua za rasharasha, jua hakuna. Betri zikaanza kulegea. Siku ya Alhamisi asubuhi, nikiwa nawaza la kufanya, akaja mtu na baiskeli kutoka mjini Nansio, jasho linamtoka. Miaka ile ndiyo vyama vipya vilikuwa vinaanza, na chama kimoja kilikuwa na mkutano wa hadhara kesho yake. Vipaza sauti vyao vilikuwa vimekufa.

"Injinia, tumeambiwa ni wewe tu," akasema.

Ni wewe tu. Mhariri, maneno matatu hayo ndiyo yaliyonimaliza.

Nikarudi kwenye zahanati mbio. Nikabandua ile nta kwa ncha ya bisibisi, nikaizungusha skrubu juu, mzunguko mzima na nusu, ili hata hicho kijijua kidogo kijaze betri haraka nikiwa sipo. Mke wangu akauliza friji ataiangalia nani. Nikamjibu, "Kopo linajiendesha lenyewe. Wewe mpelekee Dada uji." Nikapanda nyuma ya baiskeli ya watu nikaenda zangu.

Nilisema nitarudi kesho yake. Vipaza sauti nilivitengeneza, mkutano ukafana, nikaitwa mbele nikapigiwa makofi. Wakaniomba nibaki kwa mkutano wa Jumamosi. Nikabaki. Na huku nyumbani mawingu yalikuwa yamefunguka Alhamisi ileile, jua linawaka kama limetumwa.

Jumapili mchana niliporudi, nilisikia harufu kabla sijafungua mlango. Harufu ya mayai yaliyooza. Betri zilikuwa zimechemka mpaka zikakauka, moja imevimba ubavuni. Kopo limeungua. Nikafungua friji, nikaweka mkono ndani. Ilikuwa na joto la chumba. Kipimajoto kilisoma nyuzi ishirini na sita.

Nyumba ya dada ilikuwa hatua ishirini kutoka pale. Ningepiga hodi tu. Alikuwa bado kitandani, kwinini imemziba masikio, siku tatu hizo hakujua Ijumaa wala Jumamosi. Ningemwambia, "Dada, dawa imekufa," naye angeandika barua, dawa nyingine ingeletwa kutoka Nansio, mimi ningeaibika wiki mbili, basi. Aibu ya wiki mbili!

Badala yake nilikimbia kwa dereva wa lori la mnunuzi wa pamba, nikaazima betri kwake. Nikabadilisha transista iliyoungua, nikarudisha skrubu mahali pake, nikaweka nta mpya. Kufikia jioni friji ilikuwa inanguruma, na asubuhi ya Jumatatu ilikuwa baridi safi. Nikaketi na daftari. Mistari ya siku zile ilikuwa mitupu.

Nikaandika nne. Nikaandika nne tena. Alhamisi jioni nne, Ijumaa asubuhi nne, Ijumaa jioni nne, hivyo hivyo mpaka Jumatatu. Kalamu moja, wino mmoja, dakika moja. Nikajiambia dawa ni kama soda, ikipata joto unaipoza unakunywa. Nilijidanganya huku najua kuwa najidanganya.

Jumatano dada akainuka, amekonda, anashikilia ukuta. Akatazama daftari akatabasamu. "Umeangalia vizuri, mdogo wangu." Siku ileile ilikuwa kliniki ya watoto. Akina mama walikuwa wamejaa barazani na kadi zao. Mke wangu alikuwa katika foleni na binti yetu wa miezi tisa, siku yake ya chanjo ya surua.

Mtoto alilia kwa kuogopa, mke wangu akasema nimshike mimi. Nikamshika. Nilimshika mkono wake kwa mikono yangu hii miwili, dada akamchoma sindano. Ningeweza kusema hata pale. Mdomo ulikuwa wazi, lakini mwanamke mmoja nyuma yangu alikuwa anamwambia mwenzake, "Huyu ndiye Injinia wa friji," na nikaufunga.

Surua iliingia kijijini mwaka uliofuata, baada ya mavuno. Ilianza kwa watoto wa kambi ya wavuvi, ikapanda juu. Ikawakamata waliochanjwa siku ile, mmoja baada ya mwingine. Watoto wawili tuliwazika. Nilichimba kaburi moja kwa mkono wangu, na baba wa mtoto alinishukuru. Binti yangu hakufa. Ugonjwa ulimkalia machoni. Tulimpeleka Mwanza, daktari akammulika, akatuambia tumechelewa, vioo vya macho vimeshaungua. Haoni.

Watu wakaanza kusema. Wakati ule manesi wengi walikuwa wanafungua maduka ya dawa, kwa hiyo wakasema na dada yangu kauza dawa ya serikali, watoto akawachoma maji. Dada yangu, ambaye hata panadoli ya zahanati alikuwa hamezi bila kuiandika!

Kikaitwa kikao cha kamati pale zahanati. Wakaja na wakubwa wa afya. Mmoja wao akafunua daftari, akarudi nyuma mpaka wiki ile, akasimama.

"Nesi, friji gani hii? Siku nne nzima haipandi, haishuki. Nne, nne, nne. Na wiki hii tunaambiwa ulikuwa mgonjwa. Nani aliandika?"

Dada akalichukua daftari. Alilitazama muda mrefu. Mimi naandika nne yenye kichwa wazi na mkia unaopinda. Yeye ndiye aliyenifundisha, na alijaribu sana kunirekebisha nikashindikana. Yake huifunga kichwa, daima. Aliinua macho akanitafuta mpaka akaniona kwenye benchi la nyuma. Nikaangalia chini.

"Niliandika mimi," akasema. "Nilijikongoja nikaandika mwenyewe."

Ndugu msomaji, dada yangu hajui kusema uongo. Ule ndio wa kwanza niliowahi kumsikia, na aliusema kwa ajili yangu, mbele ya watu waliokuwa wanamtemea mate chini. Nami nilikaa kimya. Miguu ilikuwa mizima, sauti ilikuwepo. Nilikaa tu.

Wakamwondoa siku ileile. Akakunja gauni lake jeupe, akaliweka mezani juu ya daftari, akatoka.

Sasa hivi anakaanga samaki Kigongo, kwenye kivuko cha kwenda Busisi. Nilikwenda huko mara moja, nimekusudia kabisa kusema. Nikamkuta amekaa nyuma ya karai, mikono imeunguzwa na mafuta.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Mtoto hajambo?"

"Hajambo."

Akanichagulia sato mzuri. Anafungia wateja samaki kwa magazeti ya zamani, na kila karatasi anaisoma kwanza kabla hajaifungia. Tangu zamani ni mtu wa kusoma. Akaniuliza, "Una neno?" Nikasema hapana. Akanitazama kidogo, akasema, "Haya. Mimi nipo hapa hapa." Feri ikapiga honi nikaondoka na samaki wangu, na sikuweza kumla.

Na nyumbani siwezi kukaa. Binti yangu ana karibu miaka sita. Nimefunga paneli ndogo mbele ya nyumba, chini chini, naye kila asubuhi anaipapasa kwa kiganja aone kama imepata moto. Kisha ananiita, "Baba, leo jua kali, betri itajaa." Ananiuliza jua lina rangi gani. Siku moja aliniuliza, "Shangazi aliacha unesi kwa nini?" Nikamwambia alichoka. Mke wangu alinisikia. Alichukua ndoo akatoka, na tangu siku ile ananipa chakula bila kuniangalia.

Usingizi sina. Kanisani siwezi kupanga mstari wa komunyo. Nimefika ufukweni mara mbili nikiwa na mawazo mabaya, nikarudi kwa sababu nani atamshika mkono yule mtoto? Jina la Injinia wananiita bado. Kila wanaponiita nasikia nne, nne, nne.

Enyi mafundi wenzangu, mnaosifiwa vijijini, nawaombeni. Kitu ukikifunga kwa nta, usikifungue kwa sababu una safari. Kama hujui sema hujui, na kikiharibika sema kimeharibika saa ileile, hata kama watu watakucheka. Namba ambayo hukuiona kwa macho yako usiiandike. Mficha uchi hazai, wazee walisema. Mimi nilificha uchi wangu, na waliozaa wengine ndio waliolia.

Mhariri, chapisha barua hii. Mimi sina ujasiri wa kuipeleka Kigongo kwa mkono wangu, lakini gazeti lako litazeeka, litauzwa kwa kilo, na siku moja litafika kwenye lile karai.

Dada, kabla hujafungia samaki, soma hapa. Zile nne ni zangu. Niambie tu niende wapi nikaseme, nami nitakwenda.