Karatasi Nyuma ya Diploma

Kioo cha diploma yangu kilipasuka barabarani, kati ya Sake na Kibabi, siku niliporudisha vyombo vyangu nyumbani. Nilipoigeuza fremu nitoe vipande, zikaanguka karatasi nane zenye rangi ya chai, bado zinanuka moshi. Nilikuwa nimesahau kwamba ni mimi niliyempa seremala wa Bukavu karatasi hizo, miaka mingi iliyopita, azipange nyuma ya diploma isilegee. Ningependa kukuambia, rafiki yangu, kwamba nililia. Sikulia. Niliziangalia tu, kama unavyoangalia mguu uliokufa ganzi: unajua ni wako, lakini hausikii.

Diploma yenyewe niliipata kwa jasho, lazima ulijue hilo. Mimi ndiye msichana wa kwanza wa kilima chetu kuwa mwalimu mwenye diploma. Hakuna mjomba aliyenisukuma, hakuna mkubwa aliyeniombea. Leo hakuna bati linalong'aa hapa Kibabi kuliko langu, na kati ya watoto niliowafundisha wamo wakubwa wa ofisi. Lakini herufi nilizijua kabla ya shule, na nilizijua kwenye karatasi hizi.

Wakati wa Wabelgiji kilima chetu kilikuwa na Injili moja. Mwalimu wa kanisa aliibeba kutoka misioni, mvua ikamkuta njiani, uzi wa kitabu ukaoza. Mtu mwingine angekishona. Yeye alikigawa sehemu tano kwa nyumba tano. Alisema paa moja likivuja, tusipoteze Neno lote. Nafikiri alikuwa na sababu nyingine, kwani tangu siku ile hakuna nyumba iliyoweza kusoma bila zile nyingine.

Sehemu yetu ilikaa kwa Koko, bibi yangu, mama wa papa, aliyenilea. Aliifunga ndani ya jani kavu la mgomba, akaiweka juu ya jiko, katika kikapu cha maharage ya mbegu, mahali ambapo moshi unafukuza wadudu. "Mbegu ni mbegu," alikuwa akisema. Koko hakujua kusoma, msomaji wa nyumba yetu nilikuwa mimi, ila sehemu ile yeye aliijua yote kwa kichwa. Nilipokosea neno alinifinya sikio bila hata kugeuka.

Jumapili mchana tulikusanyika uani kwa mwalimu, kila nyumba na karatasi zake. Mikono haikukaa bure: tulimenya maharage mabichi, maganda yakianguka kwenye ungo, na sombe, majani ya muhogo, ikichemka polepole nyuma ya nyumba. Sehemu yetu ilianza na mpanzi, ikapita dhoruba ya ziwani, ikafika kwa nguruwe waliotumbukia majini. Hapo mkwe wetu, mwindaji aliyetoka Itebero, alinisimamisha kila mara.

"Nguruwe zote zile mu maji, na hakuna hata muntu mumoja alivuta muguu?"

"Ziko na pepo ndani, Papa," mwalimu alijibu.

"Pepo inatoka ukipika muzuri."

"Weye," mama jirani alisema, "hata mbinguni utafika na mukuki."

Mwalimu alijaribu kukasirika, akashindwa, na sisi sote tukacheka mpaka maharage yakamwagika.

Sehemu yetu iliishia mahali pabaya. Karatasi ya mwisho inaleta habari kwa baba mmoja kwamba binti yake amekwisha kufa, na hapo ukurasa unaisha. Kufufuka kwake kulikuwa katika karatasi za mama jirani. Kila Jumapili mimi nilimwua yule msichana, naye akamwamsha. "Leta maiti yako," aliniambia, akifuta mikono kwenye kikwembe alichojifunga kiunoni.

Sheria ilikuwa moja. Msomaji asipokuwepo, hakuna aliyesoma wala kusimulia mahali pake. Tulikaa kimya kwa muda ambao somo lake lingechukua. Juma lile mama jirani alipojifungua, tulimwacha msichana amekufa, tukangoja. Nilisikia ng'ombe ng'ambo ya bonde na mvua ikija kutoka mbali. Hata watoto wadogo walitulia. Sikuwa nimejua kwamba kimya kinaweza kumfurahisha mtu hivyo. Kisha mwenye sehemu iliyofuata alianza, na nyuso za watu zilikuwa kama zimetoka kuoga.

Baadaye ukatangazwa mtihani wa shule ya wasichana walimu, kule Bukavu. Kila msichana angesoma kwa sauti mbele ya watawa. Nilimwomba Koko karatasi nijizoeze njiani. Alikawia kufungua kikapu.

"Likizo ya kwanza uzirudishe. Bila weye tutanyamaza."

"Njo hivyo, Koko," nilikubali.

Nilishuka kwa miguu mpaka Bweremana, nikapanda boti, na kwenye mtihani nikawashinda wote. Likizo ya kwanza nilibaki kufua nguo za shule ili wanihifadhi, na ya pili vilevile. Kwa hilo ninajivunia mpaka leo. Lakini wauza samaki wa Bweremana walifika Bukavu kwa boti na kupanda kwetu Masisi kila juma, na ningeweza kuwapa karatasi. Sikuwapa. Wenzangu waliicheka harufu ya moshi ya karatasi hizo, nikazificha chini ya sanduku. Koko alikufa kabla sijapata diploma.

Siku ile ya kioo nilizipeleka kwa mama jirani. Wa nyumba zile tano amebaki yeye tu, na macho yake yamekwisha. Alizinusa.

"Hizi njo za Koko wako."

"Ndiyo, Mama."

"Tulimuomba asimulie, sababu alijua yote. Alikataa. Alisema: musomaji iko mu njia. Kila Jumapili tunanyamaza, tunangoja. Halafu miye naamusha mutoto mwenye hakuna muntu alisikia amekufa." Akanirudishia karatasi. "Soma."

Nilisoma kwa sauti ya darasani, bila kosa. Nyumbani ninayo Biblia nzima yenye jalada la ngozi. Ninaisoma peke yangu, tena haraka. Nilipofika kwenye nguruwe nilisimama kidogo. Hakuna aliyeulizia mguu. Nikaendelea mpaka binti akafa.

"Zako ziko wapi, Mama?"

"Zilibaki mu nyumba, siku tulikimbia vita."

Basi tukanyamaza. Alikaa wima, mikono magotini, kwa muda wote wa somo lake, na mimi nilingoja nisikie kile kitu cha zamani. Hakikuja. Mwishoni akashika ukuta, akainuka.

"Minakumbuka ya mwisho tu. Bwana alisema mutoto apewe kula."

Aliniwekea maharage kwenye sahani, nikayala yote. Karatasi nimeziacha kwake, juu ya jiko, ndani ya mbegu. Diploma nimeitundika sebuleni na kioo kipya. Inalegea ndani ya fremu, na mlango ukifungwa inagonga kidogo.